Kinembe cha Mahameli

Mkufunzi wa wakunga aliingia dukani kwa Mama Pacha Jumanne asubuhi, mfuko wa karatasi kwapani, akauliza kabla hata hajakaa:

"Fundi, unaweza kushona mtu?"

Mama Pacha alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto alichokuwa amekivaa mkononi. "Kumshonea mtu, naweza," alisema. "Kumshona mtu mwenyewe bado sijajaribu."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo cha kusimama na pazia la kujaribia nguo. Kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa akiwashonea sare wanafunzi wa chuo cha wauguzi, na hivyo ndivyo alivyofahamiana na mkufunzi. Huyu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuwa amezalisha miaka thelathini kabla ya kushika chaki, na sauti yake ilibaki ile ile ya kuwaambia watu wasukume.

Alieleza shida yake. Chuoni kulikuwa na mwili wa kike wa plastiki wa kufundishia, nao ulikuwa umepasuka. Akafikiri viungo vya kitambaa vingefaa zaidi, kwa kuwa mwanafunzi angeweza kuvigeuza, kuvifungua na kuvishika bila woga. Alitaka mtoto mchanga pamoja na kondo lake la nyuma. Alitaka mji wa mimba unaofunguka kwa zipu, na titi la kufundishia akina mama kunyonyesha. Mama Pacha alikuwa akiandika kwenye daftari lake la vipimo, akiitikia kwa kichwa kila kimoja.

"Halafu uke," alisema mkufunzi. "Pamoja na kinembe."

Kalamu ilisimama. Mama Pacha aliinuka akaenda kurudisha mlango.

"Acha mlango wazi, tutakufa kwa joto," alisema mkufunzi. "Hebu nikwambie kwa nini. Mwezi uliopita msichana mmoja wa mwaka wa pili amesimama mbele ya darasa, ananiambia, 'Mwalimu, yule wa kiume amewekewa kila kitu hadi mishipa. Huyu wa kike mbona hapa hana kitu?' Nikainama nikatazama. Miaka kumi na moja nafundisha na lile dubwana la plastiki, Fundi, na sijawahi kuona. Pamenyooka kama goti la mdoli."

Mama Pacha alikubali kazi. Wiki nzima alishona akiwa ameupa mlango mgongo, na mteja akiingia alitupa kitambaa juu ya meza. Ijumaa ya wiki iliyofuata mkufunzi alirudi kukagua. Mtoto alimpendeza, mji wa mimba ulimpendeza zaidi; aliivuta zipu mara tatu akicheka peke yake. Kisha akashika ule uke wa satini ya waridi, akafunua mashavu yake kwa vidole viwili, akakuta juu kabisa kitufe cha sponji kisichozidi punje ya harage.

"Hiki ndicho kinembe?"

"Si ndivyo kilivyo?"

"Umenishonea ncha ya pua, Fundi. Uso uko wapi?"

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mezani, akaiwekea mkasi na chaki isijikunje. Ulikuwa mchoro. Mama Pacha aliinama akautazama, kwanza kwa aibu, halafu kama anavyotazama patani ya nguo asiyoielewa. Pale juu aliiona ile punje. Lakini punje haikuishia pale. Ilikuwa na shina, na shina lilipanda kidogo likajipinda kurudi nyuma, likazama ndani ya mwili, likagawanyika kuwa miguu miwili mirefu iliyotanuka kulia na kushoto chini ya mifupa. Katikati ya miguu hiyo zilining'inia nyama mbili nene, moja huku na moja huku, zikiukumbatia mlango wa uke.

"Hiki chote?"

"Chote."

"Kiko ndani ya nani?"

"Ndani yako. Ndani yangu. Ndani ya mama aliyekuzaa."

Mama Pacha alichukua futi yake ya kupimia akaiweka juu ya mchoro. Mkufunzi akamwambia kwamba mchoro ule ulikuwa wa ukubwa wa kweli, au karibu na kweli, kwa kuwa wanawake hawalingani. Kutoka ncha hadi mwisho wa mguu mmoja, futi ilipita urefu wa kidole chake cha kati.

"Na kinafanya kazi gani? Mkojo?"

"Mkojo una njia yake."

"Kushika mimba?"

"Hapana."

"Kuzaa basi. Kinasaidia kuzaa."

"Hakihusiki."

"Sasa kimewekwa cha nini?"

"Raha," alisema mkufunzi.

"Raha, na nini kingine?"

"Basi. Raha tu."

Mama Pacha aliketi juu ya robota la kitambaa. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mwilini mwake hakukuwa na kitu asichokijua kwa kazi yake. Miguu ilikuwa ya kukanyaga cherehani, mgongo wa kuinamia meza. Matiti yalinyonyesha watoto wawili kwa mpigo, na tumbo liliwabeba wote wawili hadi ngozi ikachanika mistari. Hakuwahi kufikiri kwamba, katikati ya vyote hivyo, kulikuwa na kiungo ambacho hakuna aliyekidai chochote, kilichokaa tu pale, kikubwa namna ile, kikimngoja.

"Mwanamume naye anacho?" aliuliza.

"Mwanzoni mwa mimba ni kitu kimoja, wa kike na wa kiume. Huwezi kuwatofautisha. Halafu njia zinagawanyika: kwa mvulana kinatoka nje, kwa msichana sehemu kubwa inabaki ndani. Lakini nyama ni ile ile. Inajaa damu vile vile, inasimama vile vile. Na ile punje uliyoishona ina mishipa ya fahamu maelfu."

Mama Pacha alianza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Na ile... wanayosema kufika?"

"Mshindo." Mkufunzi alilitaja neno kama mtu anayetaja kiwiko. "Damu inajaa hapa kote, misuli inakaza, inakaza, halafu inaachia kwa mapigo. Inabana na kuachia, mara tano, mara kumi, na mji wa mimba wenyewe unajikunja. Moyo unakimbia. Kisha mwili wote unalegea. Wengine wanapiga kelele, wengine kimya kabisa. Na wengi hawafiki kwa kuingiliwa peke yake, maana ncha iko huku, na shughuli inaendelea kule."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka alikuwa Mama Pacha, akacheka mpaka akashika mbavu, na mkufunzi akavua miwani afute macho. Ilipotulia, Mama Pacha alisema, bila kumtazama:

"Na ambaye hajawahi? Ni mgonjwa?"

"Wapo wenye maumivu, na wapo wanaosumbuliwa na dawa au mawazo, hao tunawaangalia. Lakini wengi hawana ugonjwa wowote. Hawajaonyeshwa tu."

Mkufunzi hakumwuliza zaidi. Miaka thelathini wodini ilikuwa imemfundisha lini mtu aachwe na uzi wake.

Jioni hiyo Mama Pacha alirudi nyumbani kwa miguu, na barabara aliyoizoea ilimshangaza. Kituoni walisimama wanawake saba au wanane wakisubiri gari. Mmoja alikuwa askari wa barabarani, bado na glavu nyeupe. Mwingine alikuwa na ndoo ya nyanya miguuni, na mwalimu wa shule ya msingi alikuwa akisahihisha madaftari hapo hapo wima. Bibi mmoja alikuwa amemshika mjukuu mkono. Aliwatazama mmoja mmoja, akawaza: huyu anacho, na huyu, na yule. Wote wamesimama nacho, wanalalamikia gari limechelewa. Alitamani kuwashika mabega awaambie. Badala yake alimsaidia mwenye nyanya kupandisha ndoo.

Alianza upya Jumapili, nyumbani, kwenye meza ya chakula. Alichagua mahameli nyekundu iliyobaki kwenye mapazia ya ukumbi fulani, akaikata kwa mshazari ili ivutike. Ile kona ya shina isingekubali cherehani, kwa hiyo aliishona kwa mkono, hatua ndogo ndogo, akasukuma pamba ndani kwa kijiti. Miguu aliitilia waya laini ipate kusimama. Mishipa alianza kuidarizi kwa uzi wa manjano, akahesabu hadi mia mbili, akacheka, akaacha kuhesabu. Kilipokamilika alikiweka kwenye kiganja. Kilikuwa kizito kidogo na laini, na kilikaa mkononi kama kitu kinachopumua.

Shangazi yake alikuwa ameketi upande wa pili wa meza akimenya njegere. Alikuwa dada wa marehemu baba yake, mwenye miaka sabini na minane, aliyehamia kwao tangu nyonga ilipomsumbua. Masikio yake yalichagua la kusikia, lakini macho yalikuwa mazima.

"Unashona ndege?"

"Si ndege, Shangazi."

Akamweleza. Alidhani bibi huyo angekasirika, au angejifanya hajasikia. Shangazi alifuta vidole kwenye kanga, akanyoosha mkono, akakipokea. Alikigeuza juu chini kwa muda mrefu.

"Na mimi ninacho hiki?"

"Unacho, Shangazi."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Bibi alipitisha kidole gumba juu ya mahameli, akafuata mguu mmoja hadi mwisho, akarudi, akafuata wa pili. Kisha akaanza kusimulia, sauti ya chini, kama anayejisemea.

"Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Mume wangu alikuwa amerudi safari, tukacheka sana mchana ule, sikumbuki tulicheka nini. Tukaenda kulala kidogo. Sijui alifanya nini siku hiyo ambacho hakuwahi kufanya. Mwili ulinikamata kuanzia kwenye nyayo. Nikatetemeka, nikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nilidhani nakata roho. Kesho yake asubuhi nikaenda zahanati."

"Zahanati?"

"Nikamwambia tabibu: moyo umenienda mbio, miguu imetetemeka, macho yameona giza. Akanipima presha. Akanipa vidonge vya siku kumi na nne, akaniambia nipunguze chumvi."

"Ukavinywa?"

"Vyote. Na kweli, haikurudi tena." Shangazi alikigeuza tena mkononi. "Mpaka leo nilikuwa nikisema yule tabibu aliniponya."

Mama Pacha alicheka kwanza, hakuweza kujizuia, na shangazi naye akacheka, meno yake matatu yote yakaonekana. Halafu kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja. Bibi alikuwa bado amekishika kile kitu kifuani.

"Siku ya kuamkia harusi yako nilikuita chumbani. Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nitulie, halichukui muda."

"Nisamehe, mwanangu. Nilikupa nilichokuwa nacho."

Mumewe aliingia wakiwa katika hali hiyo. Baba Pacha alikuwa fundi wa friji, mtu mpole asiye na maneno mengi, ambaye angeweza kukaa saa nzima sikio likiwa kwenye mashine akisikiliza ubovu ulipo. Shangazi alimkabidhi kile cha mahameli bila maelezo, akachukua sufuria yake ya njegere, akaondoka polepole na nyonga yake.

"Hii inakaa wapi?" aliuliza, akikigeuza. Kwake kila kitu kilikuwa spea ya kitu kingine.

Mama Pacha alitandaza mchoro. Alimweleza kama alivyoelezwa, sehemu kwa sehemu, macho yakiwa kwenye karatasi. Baba Pacha alivuta kiti. Aliufuata mchoro kwa kidole, kama anavyofuata nyaya, akauliza maswali ya fundi: damu inaingilia wapi, hizi mbili zinavimba pamoja au moja moja. Kisha akafika kwenye swali ambalo halikuwa la fundi.

"Kwa hiyo wewe. Unafika?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, limekaa hapo miaka ishirini na sita.

"Hapana," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na zile sauti?"

"Nilitaka ulale na amani."

Baba Pacha alikiweka kile kitu mezani, taratibu sana, akatoka. Alikaa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba hadi chakula kikapoa. Siku nne zilipita wakizungumza habari za chumvi na funguo tu. Mama Pacha alijilaumu kwa kusema, halafu akajilaumu kwa kujilaumu. Siku ya tano, saa sita mchana, mumewe alikuja dukani na ovaroli yake yenye madoa ya oili, kitu ambacho hakuwahi kufanya saa za kazi. Alisimama kati ya magauni yaliyotundikwa.

"Nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Si kwa sababu hufiki. Kwa sababu ulinificha. Miaka yote hiyo naamka asubuhi najiona mwanaume wa maana."

"Na mimi miaka yote hiyo naamka najiona mbovu. Nilidhani nimezaliwa baridi. Nilidhani nikikwambia, utaondoka."

Alishtuka. "Niende wapi?" alisema, na alivyolisema ilikuwa wazi kwamba kweli hajui pengine pa kwenda. Alikaa kwenye robota lile lile la kitambaa. "Mtu akiniletea friji, kabla sijashika bisibisi namwuliza: inafanyaje? Wewe sijawahi kukuuliza."

"Ungeniuliza nisingejua la kujibu."

"Sasa?"

"Sasa nimeujua mchoro. Njia bado."

Mama Pacha alianza kuitafuta peke yake. Mkufunzi ndiye aliyemwambia, kwa sauti ile ile ya kawaida, kwamba mkono wake mwenyewe hautamwumiza wala hautamwibia mtu. Adhuhuri moja alifunga duka, akaenda nyumbani, akajilaza juu ya shuka safi akiwa na mashaka kama mwizi. Hakufika popote siku hiyo. Lakini alilikuta lile shina. Chini ya ngozi, kwa ncha ya kidole, aliligusa kama uzi mnene uliopitishwa kwenye upindo, likisogea, likiwa hai. Na ingawa alikuwa amelishona kwa mikono yake, alibaki ametazama dari kwa mshangao. Kumbe haikuwa hadithi ya karatasi.

Shangazi, ambaye ghafla alikuwa amejenga mazoea ya kwenda kwa jirani kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na kukaa huko hadi saa kumi na moja, hakuulizwa sababu.

Jumamosi ya kwanza Baba Pacha alishikwa na mkakamao wa mguu, wakaishia kuukanda. Ya pili alikuwa na bidii kupita kiasi, na Mama Pacha akajikuta anaanza kutoa zile sauti za zamani. Alijisikia, akazikata katikati.

"Nimezoea," alisema. "Nisamehe."

"Nyamaza tu," alisema mumewe. "Nikitaka kelele ninazo karakana nzima."

Jumamosi ya tatu madirisha yalikuwa wazi na mapazia yamefungwa. Nje alipita mtu anauza mifagio, na watoto walikuwa wakiruka kamba na kuhesabu kwa kupokezana. Hawakuwa na haraka. Walizungumza kwanza, habari za pacha wao walioko kazini mbali, habari za jirani na mbuzi wake. Mama Pacha aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, akamwongoza. Hakuona haya kusema: juu kidogo, si kwa nguvu, hapo. Alipoona mkono unataka kukimbia, alisema, "Usiongeze. Usibadilishe. Hivyo hivyo." Na Baba Pacha, ambaye kusubiri kulikuwa ndiyo kazi yake, alisubiri.

Lilianza joto, ambalo alilijua. Kisha likapita pale lilipokuwa likiishia siku zote. Miguu ilijinyoosha yenyewe. Alihisi kile kitu chote ndani yake, si ncha peke yake bali shina na miguu miwili na zile nyama mbili, kimejaa, kimekaza, angeweza kukichora. Aliogopa. Alitaka kusema acha. Badala yake alimshika mumewe kifundo cha mkono, akapumua, akaacha kushika kitu kingine chochote.

Kikaja. Kilibana na kuachia, kikabana na kuachia, hakikuomba ruhusa yake, wala hakikungoja ahesabu. Sauti iliyomtoka ilikuwa fupi na nzito, haikufanana hata kidogo na zile alizokuwa akizitunga. Nje watoto walifika hamsini na nne, hamsini na tano. Alizisikia namba zile waziwazi, kila moja ikang'aa, na kwa muda usiopimika hakuwa mama wa mtu wala fundi wa mtu.

Alipofungua macho alikuwa analia. Mumewe alikuwa ameketi wima, uso umempauka.

"Nimekuumiza?"

Alitikisa kichwa.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Baba Pacha alijifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameiona sura yake ilivyogeuka, na alielewa kwamba katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuiona sura hiyo. Alimtazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba ndani ya nyumba yake mwenyewe asichojua kuwa kipo. "Kumbe," alisema. Baada ya muda akasema tena, "Kumbe." 

Si kila Jumamosi ilikuwa hivyo baadaye. Siku nyingine njia ilipotea, wakaiacha, wakalala usingizi. Hakuhesabu hilo kuwa deni.

Siku ya kukabidhi kazi, mkufunzi alimwomba aende mwenyewe darasani. Wanafunzi walikuwa thelathini na wawili, wasichana wengi na wavulana wachache, wote ndani ya sare alizozishona yeye. Alijua nani kanenepa. Viungo vilipitishwa mkono kwa mkono. Kwa mtoto na kondo la nyuma walicheka. Kilipofika kinembe cha mahameli, vicheko vilianza nyuma, halafu mkufunzi akataja jina lake na urefu wake na kazi yake, na chumba kikanyamaza safu kwa safu. Mvulana mmoja alikishika kwa mikono miwili kama amepewa yai. Yule msichana wa mwaka wa pili aliyeuliza swali alikitazama, akamtazama Mama Pacha, akasema, "Ahsante, Mama," kisha akainamisha kichwa.

Safu ya mwisho alikaa mwanafunzi mmoja mkubwa kuliko wenzake, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa muuguzi msaidizi kabla ya kurudi shule. Aliinua mkono nusu.

"Mwalimu. Na mtu aliyekatwa?"

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mkufunzi alishuka kutoka mbele, akapita kati ya madawati hadi kwake. Alikichukua kinembe, akaweka kidole gumba juu ya ile punje, akaifunika yote.

"Waliochukua, walichukua hapa. Wengine zaidi kidogo. Sitakudanganya, huyo mtu ameporwa. Kovu linaweza kuuma, na maumivu hayo yana tiba, aje tumwone." Kisha, bila kuondoa kidole, akakiinua chote kilichobaki, shina na miguu na zile nyama mbili, kikaonekana chekundu kwenye mwanga wa dirisha. "Lakini hiki hawakukifikia. Hiki hawakujua kuwa kipo. Bado anacho."

Yule mwanamke alinyoosha mkono. Alikipokea, akakiweka mapajani chini ya dawati ambako hakuna aliyeweza kuona anavyokishika. Somo liliendelea. Walifundishwa kuhusu titi na namna ya kumweka mtoto, kisha zipu ya mji wa mimba ikazua fujo na vicheko. Kengele ilipolia wenzake walikusanya madaftari wakatoka. Yeye alibaki ameketi, kichwa kimeinama, mikono bado mapajani.

Mkufunzi alitaka kwenda kumwambia kitu. Mama Pacha alimgusa kiwiko.

"Mwache nacho," alisema. "Nitakushonea kingine."